Saa Mbili ya Addis Ababa

Dereva alifika saa mbili asubuhi, kama tulivyoahidiana. Saa mbili hiyo mimi nilikuwa chini ya mablanketi mawili, soksi miguuni, nasikilizia baridi inavyopenya dirishani. Nilikuja kujiandaa mchana. Saa nane kasoro robo nikashuka mapokezi, nimevaa nikavalika, mkoba begani, nikakaa kwenye kochi mpaka saa kumi huku namlaani kimoyomoyo. Kijana wa mapokezi akaniuliza kama kuna mtu ninayemngoja. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha ofisini kwamba namngoja dereva asiyejali muda wa wenzake.

Tulikuwa tumezungumza kwa simu usiku uliotangulia, kwa Kiingereza hichohicho, maana yeye hajui Kiswahili nami sijui Kiamhari. Alinitajia namba moja tu: "two". Nami, kama nilivyozoeshwa tangu shule ya msingi, nikajumlisha sita: saa nane mchana. Nikaona vizuri, nitalala vya kutosha.

Jioni akaja mtoto wa dada yangu, ambaye ndiye aliyenialika. Yuko Addis mwaka wa nne sasa, kwa kazi.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Dereva wako kanitelekeza."

Nilipomaliza kumsimulia alikuwa ameshika ukuta kwa kicheko. "Mama mdogo, hawa watu saa zao ni zetu. Saa mbili ni saa mbili. Wewe Mswahili mzima, nani kakutuma ugeuze?"

Ndivyo ilivyo. Waethiopia huanza kuhesabu saa jua likichomoza, kama sisi. Kumekucha, saa moja. Jua la utosi, saa sita. Giza likiingia, saa moja tena. Hata neno lenyewe ni "saat". Wakizungumza Kiingereza, wengi hutafsiri namba tu bila kuongeza wala kupunguza. Miaka yote nimejifunza kuongeza sita ili wageni wanielewe. Siku nimefika kwa watu wanaohesabu kama bibi yangu alivyokuwa akihesabu kule Ngamiani, Tanga, nikaongeza sita. Yule dereva alikuwa amesubiri nje kwa saa nzima, akaondoka bila kinyongo. Nilimlipa safari ambayo sikusafiri. Kwenye daftari langu niliandika: gharama ya Kiingereza.

Basi tangu siku hiyo kila aliyenitajia saa nilimuuliza: ya Habesha, yaani ya Kiethiopia, au ya kigeni? Swali hilo wenyeji wamelizoea, hawashangai. Tiketi ya ndege ni ya kigeni. Mengine yote uliza.

Ilikuwa Januari 2025. Nilikuwa na likizo ya wiki moja, na mtoto huyu alikuwa ameniita mara nyingi nije nione Timkat, sikukuu yao ya ubatizo. Mimi ni Mwislamu, ila kuona watu wakisherehekea hakujanidhuru bado. Isitoshe, jina la Uhabeshi nilikuwa nalo kichwani kabla ya kujua ramani. Madrasa tulisomeshwa habari za hijra ya kwanza, masahaba walivyokimbilia kwa mfalme Najashi na yeye akakataa kuwarudisha kwa waliowatesa. Na Bilali, mwadhini wa Mtume, ni Habeshi. Utotoni nilidhani Uhabeshi ni nchi iliyokwisha, kama za kwenye hadithi. Kumbe ni mwendo wa takribani saa tatu kwa ndege kutoka Dar es Salaam.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni pumzi. Mtu wa pwani kama mimi, aliyelelewa akioga bahari ya Raskazone, anashushwa kwenye mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Nilipanda ngazi za ghorofa moja nikajiona nahema kama niliyebeba gunia, nikadhani presha imepanda. "Hewa ndogo huku," mtoto akaniambia. "Tembea kama bibi harusi." Kwetu tukitaka baridi tunakwenda Lushoto, kwa Addis, Lushoto ni mtoto. Mchana jua kali linaunguza pua, jua likitua tu unatafuta sweta. Nenda nalo, usidanganywe na neno Afrika.

Alhamisi dereva alikuja saa mbili, nikamkuta mlangoni ameshafuta vioo. Nilimuomba radhi, akacheka, akasema wageni wote huwa hivyo, ila alidhani mimi si mgeni. Siku zote nne watu wa mitaani walinizungumzisha Kisomali kwa sababu ya ushungi, na wengine Kiamhari moja kwa moja, wakaona nikitoa macho.

Tulianza na Entoto, mlima ulio juu ya mji. Hapo ndipo mfalme Menelik wa Pili alipokuwa na makao yake, juu kwenye baridi na upepo, mpaka mkewe, Taytu, alipovutiwa na chemchemi za maji moto za bondeni na kujenga huko. Ni yeye aliyeupa mji jina Addis Ababa, maana yake ua jipya. Sikuliona ua, nililoliona ni mikaratusi, mlima mzima. Miti ya asili ilikwisha kwa kuni, ukaletwa mkaratusi wa Australia katika enzi ya huyohuyo Menelik, nao ukashika. Harufu yake ni ile ya dawa ya kifua. Barabarani tulipishana na wanawake wanashuka na mizigo ya kuni mgongoni, mipana kuliko mlango, wameinama mpaka uso unatazama lami. Mmoja alikuwa mzee kama mama yangu. Chini kidogo kuna bustani ya kisasa iliyofunguliwa mwaka 2020, vijana wanakunywa kahawa na kupiga picha. Nilipiga picha na mimi. Ya wale wanawake sikupiga.

Kutoka huko tukashuka Makumbusho ya Taifa. Nikalipa kiingilio, nikapewa risiti. Mimi ni mhasibu, mwaka wa ishirini na sita huu, na risiti siitii mkobani bila kuisoma. Tarehe iliyoandikwa: 8/5/2017.

Nikamrudishia. "Kaka, hii ni ya miaka minane nyuma. Na mwezi wa tano haujafika."

Akanitazama. Akaitazama risiti. Kisha akageuka, akanionyesha kalenda iliyotundikwa ukutani nyuma yake, kidole kikagota kwenye nane. Foleni nyuma yangu ikaanza kucheka, dereva wangu akicheka kuliko wote. Kwa Waethiopia ilikuwa kweli tarehe 8 mwezi Tir, mwezi wa tano, mwaka 2017. Mwaka wao mpya unaingia Septemba 11 ya kwetu, au 12 mara moja katika miaka minne, na hesabu yao ya miaka iko nyuma ya hii yetu kwa saba au nane. Miezi ni kumi na mitatu: kumi na miwili ya siku thelathini kila mmoja, hakuna wa ishirini na nane wala wa thelathini na moja, halafu kamwezi ka mwisho, Pagume, kenye siku tano au sita. Nilisimama pale nikiwaza jinsi kufunga hesabu za mwisho wa mwezi kungekuwa raha. Nikamuuliza dereva kama Pagume mishahara hulipwa. Akasema swali hilo niwaulize waajiri.

Lucy yuko chini, kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Ni mifupa ya kiumbe aliyeishi miaka milioni 3.2 iliyopita, iliyopatikana Hadar, jimbo la Afar, Novemba 1974. Mdogo! Kimo chake mita moja na kitu, binti wa darasa la kwanza. Inayoonyeshwa ni nakala, mifupa halisi hutunzwa ndani. Jina la Lucy alipewa kambini kutokana na wimbo wa Kizungu uliokuwa ukipigwa usiku waliposherehekea. Wenyewe wanamwita Dinknesh, yaani wewe ni wa ajabu, na kwa maoni yangu ndilo jina.

Kulikuwa na wanafunzi wamevaa sare za sweta, wananong'ona kama wako msibani. Kwenye maelezo ukutani nikasoma jina la kisayansi la jamii yake, Australopithecus afarensis, nikakumbuka kitu. Mwaka 1978, jamii hiyo ilipotangazwa na kupewa jina, mfupa uliochaguliwa kuwa kielelezo rasmi haukuwa wa Lucy. Ulikuwa taya la chini kutoka Laetoli, kwetu, Ngorongoro. Na Laetoli ndiko ziliko zile nyayo za miaka milioni 3.6, za viumbe wanaotembea kwa miguu miwili kwenye majivu ya volkano, zinazodhaniwa kuwa za jamii hiyohiyo. Nikamweleza dereva. Akafurahi, akaniuliza: nyayo zenyewe zikoje, ni kubwa?

Sikuwa na jibu. Sijafika Laetoli. Wala kwenye makumbusho ya Olduvai sijafika, na nimepita njia ya Arusha mara zisizo na idadi kwa kazi za ukaguzi. Nilimwambia ni ndogo, kwa kukisia, na uso ukanishuka.

Karibu na hapo, Sidist Kilo, kuna kasri la zamani la Haile Selassie ambalo sasa ni la chuo kikuu, na ndani yake makumbusho ya mila. Kitanda cha mfalme kipo, na bafu lake. Lakini kilichonikaa ni ngazi ya zege iliyo nje, imejipinda kwenda juu, haifiki popote. Waitaliano waliijenga walipoukalia mji kati ya 1936 na 1941, kidato kimoja kwa kila mwaka wa utawala wa Mussolini. Walipoondoshwa, Waethiopia hawakuibomoa. Wameweka simba mdogo kidato cha juu kabisa, amekaa. Hatua chache tu kutoka hapo ni mnara wa kuwakumbuka maelfu waliouawa na Waitaliano kuanzia tarehe 19 Februari 1937, siku tatu za damu, baada ya vijana wawili kumrushia mabomu Graziani, mtawala wa Kiitaliano, kwenye kasri hilohilo. Nilimtazama yule simba tena nilipotoka huko. Dharau ya kimyakimya ile.

Sasa nije kwenye chakula, maana hapa ndipo nilipojifunza kuliko kote.

Jumatano usiku mtoto alinipeleka kula. Ikaja sinia limetandazwa injera, juu yake vilima vya rangi: dengu nyekundu, shiro ambayo ni mchuzi mzito wa unga wa kunde, kabichi, mboga za majani, kiazisukari. Injera ukiiona utadhani chapati ya maji iliyotoboka vishimo, ya kijivu. Nilipokata tonge la kwanza nikaliweka chini taratibu. Nilidhani imelala. Imechacha! "Ndivyo ilivyo, mama mdogo, unga wa tefu, nafaka ya huku, huchachushwa siku kadhaa. Kula tonge tano ndipo useme." La tano lilinipita bila kulihesabu. Ule uchachu, ukikutana na pilipili ya dengu, ni kama ndimu kwenye urojo: ukiondolewa, chakula kinapooza.

Nikaona hakuna nyama na wala sikuuliza. Jumatano na Ijumaa Wakristo wa Orthodoksi hufunga. Si nyama, si maziwa, si mayai. Hiyo ni nje ya Kwaresima na mifungo mingine mirefu. Kwa hiyo kila mgahawa una chakula cha mfungo, na ni kitamu.

Alhamisi ikawa habari nyingine. Njaa ya makumbusho imenikamata, tunapita mtaa unanukia nyama choma, nikamwambia dereva asimamishe. Hakusimamisha. Akaonyesha kidole juu ya bucha iliyo mbele ya mgahawa: msalaba mdogo umechorwa. "Hapa si pako, mama." Akazunguka mitaa miwili, mitatu, mpaka tukafika kwenye mgahawa wenye alama ya mwezi. Huku nyama ina dini. Mwislamu hali ya mchinjo wa Mkristo, na Mkristo naye hali ya Mwislamu. Bucha ni mbili, na wamekaa hivyo karne na karne. Kwetu kisu ameachiwa Mwislamu kwa mazoea na wote wanakula, ingawa na hilo limewahi kuleta maneno.

Nikaagiza tibs, nyama ya kukaanga vipande vipande kwa kitunguu na pilipili. Nikamwambia dereva karibu. Akashukuru, akaagiza chai. Alikaa mbele yangu muda wote na glasi ya chai, ananisogezea injera, ananiambia ipi pilipili kali, yeye hagusi. Kanizungusha mji mzima kunitafutia chakula ambacho yeye mwenyewe hali. Nilikula nikiona aibu kidogo, lakini nililimaliza.

Kesho yake, Ijumaa, siku yake ya mfungo, tulikula sinia moja, mkono kwa mkono. Alikata tonge, akalizungusha kwenye shiro, akaninyooshea mdomoni. Hiyo inaitwa gursha. Mtu mzima mimi, nina wajukuu wawili, nikafumbua kinywa mgahawani kama mtoto.

Ijumaa hiyo tulikuwa Merkato. Wenyeji husema ni soko kubwa kuliko yote barani, mimi siwezi kupima, nilichojua ni kwamba Kariakoo ingeingia humo ikapotea. Jina lenyewe ni la Kiitaliano, kama Kariakoo ilivyotokana na vikosi vya wapagazi wa Waingereza. Masoko yetu makubwa yamepewa majina na wapita njia. Kuna mtaa unaitwa Minalesh Tera, maana yake kama "una nini?", ambako hakuna kinachoitwa takataka. Matairi yanakatwa ndala, pipa linakuwa jiko, mabati ya makopo yanakuwa vikaango. Kelele za nyundo zikanirudisha mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Kwenye viungo nilisimama muda mrefu. Kuna iliki yao, kubwa kuliko ya kwetu, ganda kama la tende kavu, inaitwa korerima. Nikaiponda kidogo kiganjani na harufu ikawa ya pilau ya nyumbani lakini imetoka mbali. Duka wanaita suk. Sukari wanaita sikwar, chai ni shai, na nilipomuomba muuzaji karatasi ya kufungia akasema werekat. Nikasema waraka! Hakuelewa kwa nini nimefurahi.

Adhana ilipotoka nikasali katika Msikiti Mkuu wa Anwar, ulio ndani ya Merkato hapohapo. Nikitoka nikaona kanisa la Raguel liko jirani kabisa, watu wanapita nje wanainama, wanabusu ukuta, wanaendelea na mizigo yao. Dereva alikuwa ameegemea ukuta wa kanisa akiningoja. Kila mmoja alikuwa ametoka kwenye shughuli yake.

Mama mwenye nyumba anayompangisha mtoto wetu alinialika kahawa Jumamosi asubuhi. Nilimpelekea doti ya kanga. Akaifungua yote, akaona maandishi, akamtaka mtoto amfasirie: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akafikiri. Akauliza, apone ugonjwa gani? Tukajaribu kumweleza, tukashindwa, tukacheka.

Alikuwa ametandaza majani mabichi sakafuni na kuweka ubani kwenye kijetezo. Udi na ubani nimekulia navyo, kwa hiyo pua yangu ilitulia. Kisha akaosha buni. Sisi tunaita buni kahawa ikiwa bado mbichi. Wao ni buna tangu shambani hadi kikombeni. Akaikaanga kwenye kikaango juu ya mkaa, akiitikisa mpaka ikang'aa mafuta, halafu akainuka na kikaango, akatupitishia moshi mmoja baada ya mwingine, nasi tukauvutia usoni kwa mkono. Akaitwanga kwenye kinu kidogo. Akaitia kwenye jebena, chungu cheusi cha udongo chenye shingo ndefu. Vikombe havina vishikio, vidogo kama vya kwetu, na vinaitwa sini; vimepangwa juu ya kimeza utadhani sinia na sini ni ndugu, na ni ndugu kweli, yote ni majina ya vyombo vya Kichina katika Kiarabu. Pembeni bakuli la bisi.

Saa moja na nusu imepita na sijanywa tone.

Tanga kahawa ni ya barabarani. Muuza kahawa anapita na dele lake, anagonganisha vikombe, wanaume barazani wanakunywa chungu na kashata na kumaliza siasa za dunia. Mwanamke kukaa pale ni habari. Huku kahawa iko mikononi mwa mwanamke, ndani, na majirani waliokuwa wakiingia walikuwa wanawake: mmoja na mtoto mgongoni, mmoja na suala la mkopo wa kikundi, mmoja kaja kulia tu. Mambo yote ya mtaa yalipita pale. Vikombe ni vitatu. Cha kwanza kinaitwa abol, kizito. Cha pili tona, maji yameongezwa. Cha tatu nilitaka kuaga, maana baada ya viwili moyo ulikuwa unadunda kama ngoma. Mama akanishika mkono nikae. Akakitaja: bereka. Mtoto akafungua kinywa kunifasiria, nikamwambia acha, hilo nimelisikia.

Nikakaa.

Mchana wa siku hiyohiyo ilikuwa Ketera, mkesha wa Timkat. Kila kanisa hutoa tabot yake, kielelezo cha mbao za Amri Kumi zilizokuwa katika Sanduku la Agano, imefunikwa kwa vitambaa vya nyuzi za dhahabu, hakuna raia anayeiona. Kuhani huibeba kichwani, juu yake miavuli ya rangi, na watu huisindikiza hadi mahali pa kulala usiku huo; sisi tulifuata za Jan Meda, uwanja mkubwa wa wazi. Mama mwenye nyumba alinitupia netela nyeupe juu ya ushungi, akanikagua, akaridhika. Tulipekuliwa na askari mara nne kabla ya kufika. Vijana walikuwa wakikunja zulia jekundu nyuma ya msafara, wanakimbia nalo mbele, wanalitandaza tena ili wabebaji wasikanyage ardhi; jasho linawatoka na hawachoki. Mapadri waliovaa meupe wanayumba kwa pamoja, fimbo zinapanda zinashuka, njuga za mkononi zinalia, ngoma kubwa zimening'inia shingoni.

Tabot ilipopita mbele yetu wanawake wakapiga vigelegele. Na mimi nikapiga. Sikuamua, ulimi ulikwenda wenyewe, kama kwenye arusi ya Ngamiani, kirefu, cha kupandisha mwishoni. Wanawake watatu mbele yangu wakageuka, wakamtazama huyu mwenye ushungi chini ya netela, kisha wakapiga chao wakinitazama usoni, nami nikajibu. "Mama mdogo, tutafukuzwa," mtoto ananivuta mkono. Hatukufukuzwa.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 19, walibariki maji na kuwarushia watu kwa mipira. Watu walikuwa wanasukumana kuyafuata, mtu mzima na chupa ya plastiki juu, mtoto begani. Mimi nilisimama pembeni kwa adabu, na yakanifikia hata hivyo, kwenye miwani. UNESCO waliiingiza sikukuu hii kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2019. Nilisoma hivyo baadaye. Siku ile nilikuwa nafuta miwani.

Mengine niliyapitia haraka. Makumbusho ya Ushindi wa Adwa, yaliyofunguliwa Februari 2024 kukumbuka Machi 1, 1896, siku Menelik alipowashinda Waitaliano, ni makubwa na ya kisasa mno, nikatoka miguu inauma kuliko moyo. Eneo lenyewe ni Piassa, mtaa wa zamani wa mji, ambao sehemu kubwa imebomolewa mwaka huohuo wa 2024 kupisha barabara pana na taa. Mtoto alinionyesha picha za jinsi palivyokuwa: vibaraza vya mbao, maduka ya dhahabu. Barabara ni nzuri, sikatai. Makao ya Umoja wa Afrika niliyaona kupitia dirisha la gari. Ndani yake kuna sanamu ya Mwalimu Nyerere iliyozinduliwa Februari 2024, lakini kuingia kunataka kibali cha mapema, na mimi nilikuwa nimetumia siku yangu ya kwanza kwenye kochi la hoteli.

Nilirudi na jebena mkononi kama mtu aliyebeba yai. Buni niliagiza Moshi. Jumapili ya kwanza nikatandika mkeka, nikawasha jiko la mkaa varandani, nikaanza kukaanga. Moshi ukapanda ghorofani. Mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Dada, kuna kitu kinaungua kwako!"

"Hakuna kinachoungua. Ingia ukae."

Jirani akakaa, kwa wasiwasi, macho jikoni. Alikaa saa nzima. Tumeishi ngazi moja miaka sita na tulikuwa tunajuana kwa salamu na bili ya maji. Siku hiyo nikajua ana mtoto Morogoro anayemtia presha. Kikombe cha kwanza alikunja uso. Akaniuliza kwa upole kama nina tangawizi. Nikatia, kwenye cha pili, Mungu anisamehe na mama wa Addis asisikie.

Jumapili iliyofuata alikuja mwenyewe saa kumi, na kashata kwenye kisahani.